Waya Mbovu Haijui Sumaku

Maneno yalikuwa matano tu, na Bi Barafu aliyabeba miaka kumi na mmoja bila kuyatua hata siku moja: Waya mbovu. Kosa la fundi.

Profesa ndiye aliyeyaandika, kwa wino wa bluu, ukurasa wa arobaini na saba wa daftari kubwa la maabara. Daftari lile lilikuwa na sheria zake, ambazo Profesa huyohuyo aliziandika kwenye ukurasa wa kwanza enzi hizo akiwa bado na nywele. Hakuna kuchana karatasi. Hakuna kufuta. Aliyekosea apige mstari mmoja juu ya kosa lake, lisomeke bado, aandike sahihisho pembeni, atie sahihi na tarehe. Na kila dai litakaloandikwa humu na kutiwa sahihi lijaribiwe kwanza kabla mtambo haujapashwa moto. Zilikuwa sheria nzuri. Kasoro ya sheria nzuri ni kwamba wakubwa huzitunga wakidhani zitawabana wadogo, kisha hutokea mdogo anayejua kusoma.

Bi Barafu alijua kusoma. Shahada hakuwa nayo. Aliingia maabara ile akitokea kwenye ufundi wa majokofu ya bucha, akaitwa kwa sababu mtambo wa baridi ulikuwa unavuja na wasomi watano walikuwa wameuzunguka kama watu waliofiwa. Aliutegea sikio, akakaza nati moja, ukanyamaza. Wakamwambia abaki. Vitabu alivisoma saa ya chakula, mkono huu kijiko, mkono huu ukurasa, na neno lililomshinda aliliandika kwenye kikaratasi akalibandika ndani ya mlango wa kabati lake la nguo za kazi, liwe linamtazama mpaka alimudu. Mlango ulijaa, kisha ukaanza kupungua. Sasa vilibaki vikaratasi vitatu, na hivyo vitatu hata Profesa alikuwa akivizungukia mbali.

Ukutani kwenye ujia palitundikwa picha ya ushindi wa zamani: Profesa na wenzake sita wamesimama mbele ya mtambo, meno nje. Mtambo ule alikuwa ameufungua na kuufunga Bi Barafu kwa mikono yake. Siku ya picha aliambiwa, mama, hebu tushikie kamera. Akashika. Kwenye pembe ya kushoto ya picha kuna kivuli kinono cha waridi, nacho ni kidole gumba chake. Dada yake alipoiona alisema amependeza.

Kazi ya maabara ile ilikuwa kukamata molekuli moja. Si kijiko cha molekuli, wala tone. Moja. Unachukua waya ya dhahabu nyembamba kuliko unywele, unaidondoshea maji yenye molekuli, unapitisha umeme polepole mpaka waya ikatike yenyewe na kuacha ufa mdogo usioonekana kwa hadubini ya kawaida. Ukibahatika, molekuli moja inakwama ufani kama mfupa wa samaki kooni, na umeme hauna njia nyingine ila kupita humo, elektroni moja moja. Kisha mtambo unashusha baridi hadi karibu na baridi ya mwisho kabisa, ile ambayo chini yake hakuna nyingine. Nyaya mia mbili na kumi na mbili walikuwa wamezikata kwa miezi mitatu. Mia mbili na kumi na moja zilikuwa ufa mtupu. Moja, Jumatatu ile, ikawa na mtu ndani.

Aliyekuwa akipima ni Daktari Mpya, mwanamke aliyevaa kofia ya udaktari wa falsafa miezi miwili tu iliyopita na bado akigeuka nyuma kila anapoitwa Daktari, akidhani kuna mgonjwa. Jumatano asubuhi alimwita Bi Barafu kwenye kioo cha kompyuta. Kitasa walichokiita lango, kile kinachosogeza nguvu za umeme ndani ya molekuli, alikuwa akikizungusha taratibu. Upande wa kushoto wa kitasa, mchoro wa umeme unaopita ulionyesha kilima kimoja katikati, kizuri, kimechongoka. Alipovuka nukta fulani, kilima kikatumbukia. Pale palipokuwa na kilele pakawa na bonde.

Bi Barafu alivuta daftari, akafunua ukurasa wa arobaini na saba bila kutafuta, akaliweka kando ya kioo. Mchoro uliobandikwa pale, uliokwisha kuwa wa njano, ulikuwa na kilima kilekile na bonde lilelile. Chini yake, maneno matano.

Daktari Mpya akatazama huku, akatazama huku. Akauliza nani alikuwa fundi.

"Bega lako linamgusa sasa hivi," alisema Bi Barafu.

Alimsimulia kwa kifupi. Miaka ile Profesa aliuona mchoro, akasema kilima hakizami bila sababu, kuna kiungo kimelegea. Akaamuru mtambo upashwe moto ili fundi achomelee upya. Dhahabu ikipata joto hutanuka, ufa ukasogea, molekuli ikaenda zake. Bi Barafu alifungua viungo vyote kumi na vinne akakuta vizima kama alivyoviacha. Alipotoa taarifa alijibiwa kwamba fundi hawezi kuwa shahidi wa kazi yake mwenyewe. Jibu lenyewe lilikuwa tamu masikioni mwa waliokuwepo, wakacheka. Yeye alimkumbuka kila aliyecheka, na alikuwa amesimama wapi.

Mchana Profesa akapita. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa sahihi, na huo ni ugonjwa kama mwingine. Mkononi alivaa saa iliyosimama saa nane na dakika tano tangu siku sumaku kubwa ya mtambo ilipomharibikia akiwa karibu, heliamu yote iliyokuwa ikiupoza mtambo ikachemka na kujaza chumba ukungu. Saa ilikuwa zawadi ya mkwewe, hakuthubutu kuivua. Tangu siku hiyo kabati la umeme wa sumaku lilifungwa kwa kufuli, na ufunguo alitembea nao yeye.

Alitazama kioo, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema yaleyale. Kiungo. Kesho saa nne asubuhi mtambo upashwe moto, fundi achomelee, waanze upya. Daktari Mpya alijaribu kusema kwamba molekuli itapotea. Profesa akamjibu kwa upole kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaenda zake akiwa ameridhika na methali yake.

Jioni Bi Barafu alifika nyumbani amevimba. Alikaa na dada yake mkubwa, mshonaji, katika nyumba ambayo meza ya kulia ilikuwa meza ya kukatia vitambaa na sahani zilisubiri zamu. Dada alikuwa anakata mkono wa gauni. Hakuinua macho.

"Leo nani kakukanyaga?"

Akaelezwa. Dada hakuwa amesoma elektroni wala hakuona haja, lakini alikuwa na desturi ya kutokubali kukasirika na mtu kabla hajaelewa kosa lake, kwa hiyo ikabidi afundishwe.

"Kila elektroni ina sumaku yake ndogo ndani, ambayo haiwezi kuivua," alisema Bi Barafu. "Inaelekea juu au chini. Hiyo ndiyo spini. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala kitanda kimoja?"

"Mzungu wa nne. Kichwa changu huku, miguu yako puani mwangu. Nakumbuka sana."

"Basi elektroni mbili zikipewa kitanda kimoja kwenye molekuli, lazima zilale mzungu wa nne. Moja juu, moja chini. Sumaku zao zinafutana, aliye nje anaona kama hamna mtu. Hilo ndilo bonde. Sasa kuna kitanda cha pili juu kidogo. Ukizungusha kitasa, unakishusha karibu. Kikifika mahali fulani wanaona heri kila mmoja awe na chake, na wakishapata nafasi wote wanaelekeza vichwa upande mmoja. Sumaku zinajumlishana. Elektroni za kwenye dhahabu zinaihisi hiyo sumaku, zinasongamana kuizunguka, njia ya umeme inafunguka. Kilima."

Dada alikata uzi kwa meno akauliza kama kuna siku wanalala nusu hivi, nusu vile. Bi Barafu akasema hapo ndipo utamu wote ulipo. Hakuna. Maji yakiwa barafu, baridi ndiyo imeyageuza. Lakini mle ndani ya mtambo joto limekwisha, halipo la kumgeuza mtu. Anayegeuza ni kitasa peke yake, kwenye nukta moja, na upande huu wa nukta ni dunia moja na upande ule ni dunia nyingine. Wasomi wameipa jina, mpito wa kikwanta, na wanaitafuta ndani ya molekuli moja kama dawa. Na wao walikuwa nayo. Miaka kumi na mmoja iliyopita walikuwa nayo mkononi, wakaipasha moto.

"Kwa hiyo jengo zima lile," alisema dada, "kazi yenu ni kuchungulia wawili wanavyolala. Wenyewe wana habari?"

Bi Barafu alicheka bila kupenda, na hasira iliyochekwa huwa haikai sawa tena. Dada akachukua sumaku yake ya kuokotea pini, akaipitisha juu ya meza kama afanyavyo kila jioni. Pini zikaruka, zikageuka, zikaning'inia. Vifungo vya plastiki vilibaki pale vilipo, haviulizi.

"Leteni sumaku basi," akasema. "Pini itasikia, kifungo hakitasikia. Mbona rahisi?"

"Hilo nalijua tangu siku ile. Waya mbovu haijui sumaku, spini inaijua. Sumaku ikipanda, wale wawili inawavuta waelekee upande mmoja. Inafika kiwango ambapo kulala hivi na kulala vile ni sawa kwao, na bonde linajifukia, kilima kinarudi. Kiungo kilicholegea hakiwezi kufanya hivyo hata ukikiimbia. Lakini ufunguo anao yeye, na nimemwomba mara tatu."

"Basi usimwombe."

Dada alisema hivyo kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa pini na hakutaka sentensi ndefu. Lakini Bi Barafu alitazama vifungo, na polepole uso ukamfunguka. Alikuwa amekumbuka ukurasa wa kwanza. Si kwamba aliwahi kuusahau. Miaka yote aliukumbuka kama kitu walichomfanyia wao. Hakuwahi kuufikiria kama kitu cha kukitumia.

Alhamisi alikuwa wa kwanza kufika. Alifunua ukurasa mpya, akaandika kwa herufi za mtu aliyejifunzia kwenye stakabadhi za bucha, kubwa na zilizonyooka:

"Waya ni nzima. Tunachokiona ni spini. Nadai kwamba sumaku ikiwashwa kitasa kikiwa upande wa bonde, bonde litajifukia na kilima kitarudi. Isipokuwa hivyo, mimi ni fundi mbovu, na ukurasa wa 47 ni kweli."

Akatia sahihi. Akatia tarehe. Angalia alichokiweka mezani: miaka yake yote mle ndani, kazi ya mikono isiyo na cheti cha kuitetea. Mwenye shahada akikosea, shahada inabaki ukutani. Fundi aliyejifunza mwenyewe akikosea, watu husema tulijua.

Saa nne kasorobo Profesa aliingia, akauliza kama hita ipo tayari. Daktari Mpya akamtazama Bi Barafu. Bi Barafu akamkabidhi Profesa daftari kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anayempokeza mtoto.

Profesa alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alisema fundi hapaswi kuandika madai. Bi Barafu akajibu kwamba ukurasa wa kwanza haukusema nani. Umesema kila dai. Alifunua akamwonyesha, ingawa mwenyewe aliujua kwa kichwa, pamoja na doa la chai lililokuwa juu ya neno lijaribiwe. Profesa alilitazama doa lile muda mrefu. Lilikuwa la chai yake.

"Sumaku ile ina hatari, mama," alisema mwishowe, sauti imeshuka.

"Kile kiungo kilichoiharibu niliomba kibadilishwe, ukurasa wa thelathini na tisa. Kilibadilishwa baada ya ajali. Na aliyekibadilisha ni mimi."

Daktari Mpya aligeuka ghafla akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Na hapa lazima Profesa apewe haki yake, maana wengi wa cheo chake wangelifunga daftari na kuita mlinzi. Yeye alisimama, akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo. Kisha akavua ile saa ya mkwewe, iliyokwisha kufa, akaenda kuiweka nje kwenye ujia, mbali, isije ikafa mara ya pili.

Sumaku ile haiwashwi kama taa. Inapandishwa kidogo kidogo, la sivyo inachemka. Bi Barafu alikaa kwenye kipimo cha heliamu, sikio kwenye mtambo. Daktari Mpya kwenye kioo. Profesa katikati, hana kiti na hana kazi, hali ambayo haikuwahi kumpata ndani ya chumba kile. Dakika kumi za kwanza bonde lilikaa vilevile. Ishirini, vilevile. Profesa alikohoa. Bi Barafu hakutazama kioo. Alijisemea kwamba kama ni kuadhirika aadhirike akiwa anafanya kazi yake, mkono ukiwa kwenye vali.

Dakika ya thelathini na moja Daktari Mpya akasema, taratibu, kama mtu asiyetaka kumtisha ndege, kwamba kingo zinasogeleana.

Bonde lilikuwa linabanwa. Kuta zake mbili zilijongea, sakafu ikainuka, ikawa sahani, ikawa tambarare. Halafu katikati ya tambarare pakaota kitu. Kidogo kwanza, kama chunusi. Kikapanda. Kikawa kilima, kimechongoka, kimesimama palepale kilipozamia.

Profesa aliomba sumaku ishushwe. Ikashushwa, bonde likarudi. Akaomba ipandishwe tena, kilima. Akaomba kitasa kirudishwe upande wa pili wa nukta, ambako kilima kilikuwepo tangu mwanzo, halafu sumaku ipandishwe. Kilima kile kikapasuka vilele viwili, kama inavyotakiwa kwa wawili walioelekea upande mmoja. Wakati huo saa nne ilikwisha kupita zamani, hita imelala baridi, na Profesa alikuwa ameketi chini sakafuni na suruali yake ya kitambaa kizuri, kidole kinacheza juu ya kioo kama mtoto dirishani. Alikuwa amesahau kwamba ameshindwa. Furaha ilimtangulia.

"Tulikuwa nayo," alisema. "Miaka kumi na mmoja."

"Na miezi minne," alisema Bi Barafu.

Alikuwa amesimama nyuma yake na daftari limefunuliwa. Si ukurasa wa leo. Profesa aliuona wino wake wa bluu, furaha ikapata adabu. Akachukua penseli iliyokuwa sikioni mwa Daktari Mpya. Bi Barafu akaitwaa ile penseli mkononi mwake, bila ukali, akampa kalamu ya wino.

Profesa alipiga mstari mmoja juu ya maneno matano. Yakasomeka bado. Pembeni akaandika: "Waya ilikuwa nzima. Fundi alikuwa sahihi. Kosa ni langu." Akatia sahihi. Kwenye tarehe akasita, akatazama mkono wake usio na saa, akaomba aambiwe leo ni tarehe ngapi. Bi Barafu akamwambia. Angeweza kumtajia tarehe ya siku yoyote ya miaka ile yote.

Kisha Profesa, bado yuko chini, alisema kwa sauti ya kawaida kwamba kwenye makala watakayoandika jina la fundi litakaa mbele ya lake, kwa kuwa dai ni lake. Bi Barafu alisema hilo nalo aliandike daftarini, na akaandika.

Daktari Mpya akasema siku kama hii haipiti bila picha. Akatoa simu, na kwa mazoea ya jengo lile akaanza kuangalia nani wa kumkabidhi. Bi Barafu akaichukua, akamgeukia mkuu wake.

"Profesa," alisema, "hebu tushikie."

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta, akainuka, akashika. Hakuwahi kumpiga mtu picha maisha yake yote na ilionekana. Wanawake wawili walisimama mbele ya mtambo, mmoja kofia ya kazi imepinda, mmoja penseli imerudi sikioni, nyuma yao kioo chenye kilima.

Jioni ile dada aliitazama picha kwa muda, akiisogeza mbali na karibu kama atazamavyo mshono wa mwenzake. Alisema kofia ingenyooshwa. Alisema mdogo wake amenenepa, lakini unene wa heri. Halafu akagusa pembe ya kushoto, palipokuwa na kivuli kinono.

"Na hili gumba la nani?"

"La Profesa," alisema Bi Barafu, akivuta sahani. "Naye yumo."